Kabla hujanunua bando, pita kwa mkutubi

Wanafunzi wa uuguzi mlio mazoezini hapa Tanga, nywila ya Hinari anayo mkutubi wa chuo kilichosajiliwa. Hinari ni mpango wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa kusomea makala za majarida ya afya mtandaoni, tangu 2002. Nywila hiyo msiirushe kwenye magrupu: makala zikishushwa mamia kwa mpigo akaunti hufungiwa, na chuo kizima kinakosa. Miongozo ya matibabu ya MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) pakueni kwa Wi-Fi ya maktaba, kisha zimeni data mjaribu kuifungua palepale, maana wodini mtandao hupotea. Simu ikijaa, programu ya miongozo hiyo haijisasishi, unabaki na dozi za zamani (picha za harusi zinaweza kusubiri). Halafu skrini, jamani! Ifuteni kwa alkoholi ya 70% kabla ya kumgusa mgonjwa mwingine.