Sahani za Kunduchi nilizikuta Bangkok

Hii ilikuwa safari yangu ya nne Bangkok. Katika zile tatu za kwanza sikuona kitu zaidi ya maduka ya jumla ya Pratunam, chumba cha hoteli na uwanja wa ndege. Anayefuata nguo za kuuza Kariakoo anajua siku zinavyokwenda: unachagua magauni, unahesabu dazeni, unavutana bei, jioni unapeleka marobota kwa ajenti wa mizigo. Safari hii mzigo ulifungwa Jumatano, na ndege yangu ilikuwa Alhamisi usiku. Nikabaki na mchana mzima ulio wangu, nikasema leo naenda Wat Arun, hekalu lililo kando ya mto.

Mnara wa Wat Arun nilikuwa naujua kwa sarafu tu. Umechorwa kwenye sarafu za baht 10 za kabla ya 2018, na nimerudishiwa chenji hiyo mara nyingi mno bila kujiuliza ni nini. Ni hekalu la Wabudha, la kifalme, la daraja la kwanza, na jina lake linatokana na Aruna, mungu wa mapambazuko. Mfalme Taksin alipohamishia makao yake Thonburi, upande wa magharibi wa mto, baada ya Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, kuchomwa na Waburma mwaka 1767, hekalu hilo likawa ndani ya eneo la ikulu yake. Mnara wenyewe, wanaouita prang, uliinuliwa na wafalme waliofuata: Rama II alianzisha kazi, akafariki mwaka 1824, mwanawe Rama III akaimaliza.

Nilivaa dera refu na mtandio, miguuni makubazi ya kuvua upesi. Nikapanda treni ya chini ya ardhi mpaka kituo cha Sanam Chai, nikatembea hadi gati la Tha Tien, ambako kivuko huvusha watu kwenda hekaluni ng'ambo. Kabla sijafika gatini, mwanamume mmoja aliyevaa vizuri akanisimamisha kwa upole. Akasema asubuhi ile hekalu limefungwa kwa ibada maalumu, litafunguliwa mchana, na kwamba yeye ana bajaji, anaweza kunizungusha kwa bei ndogo huku tukipitia duka la vito. Wenzangu wa Kariakoo walishanionya juu ya maneno hayohayo, lakini nakiri moyo uliyumba, kwa sababu alizungumza kama mtu anayekuonea huruma. Nilichofanya ni kutazama mto. Kivuko kilikuwa kinavuka kimejaa watu, wengi wao wageni wenye kamera. Nikamshukuru, nikapita. Nauli ya kivuko ilikuwa baht 5, kiingilio baht 200, na lango lilikuwa wazi tangu saa mbili asubuhi.

Ukiwa ng'ambo ya mto, mnara unaonekana wa kijivu, kama jiwe moja. Una zaidi ya mita 60 kwenda juu. Nilipoukaribia rangi zikaanza kutoka moja moja, kijani, njano, samawati, waridi, mpaka nikafika ukutani na kuweka uso karibu. Ni sahani! Vipande vya sahani na bakuli za Kichina, vimekatwa na kupangwa kuwa petali za maua, maelfu kwa maelfu, na katikati yake makombe ya bahari. Vyombo hivyo vililetwa na majahazi kutoka Uchina, vikiwa vimewekwa chini kama farumi ili chombo kisiyumbe.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mimi nimekulia Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam. Kwenye magofu yetu kuna makaburi ya zamani yenye nguzo, na nguzo hizo zilichomekewa bakuli za Kichina kwenye chokaa. Tangu utotoni niliamini ni jambo la kwetu peke yetu. Kwetu bakuli iliwekwa nzima, kwa heshima ya marehemu. Hapa wameivunja na kuifanya ua. Lakini bahari iliyozileta ni moja, na mkono wa fundi aliyeona sahani inastahili ukuta, si meza, niliuelewa mara moja.

Ngazi za mnara ni za wima kwelikweli. Huruhusiwi kufika kileleni, lakini hadi ukumbi wa kati unapanda. Kupanda si kazi, kazi ni kushuka. Nilikunja dera nikalifunga kiunoni juu ya suruali niliyovaa ndani, nikashuka kinyumenyume nikishika chuma kwa mikono miwili. Anayekuja na dera aje na suruali ndani.

Kisha nikaenda kwenye jumba la ibada, ambalo mlango wake unalindwa na majitu mawili, moja la kijani na moja jeupe. Hapa ndipo nilikuwa na wasiwasi, maana mimi ni Mwislamu na sikutaka kukosea mbele ya dini ya watu. Nilivua makubazi, nikavuka kizingiti bila kukikanyaga, nikakaa nyuma kabisa. Nyayo hazitakiwi kuelekea kwenye sanamu, basi nilikunja miguu kama mtu aliye kwenye tahiyatu, na kumbe ndivyo wenyeji nao wanavyokaa. Mtawa alipopita nilisogea, kwa sababu mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Chini ya sanamu ile kuna majivu ya Rama II. Kimya cha mle ndani kilinituliza, na mtandio wangu hakuna aliyeuuliza.

Adhuhuri niliswali msikiti wa Tonson, upande huohuo wa mto, kwenye mfereji wa Bangkok Yai. Waislamu wamekaa pale tangu enzi za Ayutthaya, na kuusikia utulivu ule baada ya ule wa hekaluni kulinigusa sana.

Jioni nilimtumia picha mjomba wangu, mvuvi wa Kunduchi. Akanipigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hizi sahani si kama za makaburini?"

"Ndizo hizohizo, mjomba. Za Kichina."

"Na kwao zipo zote? Hazijabanduliwa?"

Nikamwambia wameukarabati mnara miaka kadhaa, wakamaliza 2017. Alinyamaza, kisha akasema, "Zetu walizibandua."

Jumapili, siku mbili baada ya kufika nyumbani, tulikwenda magofuni pamoja. Mjomba alivua kofia, akatia kidole kwenye shimo la duara mahali bakuli ilipokuwa, akakizungusha taratibu, na akaniomba nimwonyeshe tena picha ya lile ua.