Skafu ya mistari kwa baridi ya Julai

Julai ya Dodoma saa saba mchana jua linachoma, ila alfajiri ukitoka Nkuhungu kwa bodaboda, upepo unaingia shingoni kama maji ya mtungini. Ndiyo maana nimemfumia mama skafu ya duara, isiyo na ncha. Unaipitisha kichwani, inakaa shingoni bila kufungwa.

Nyuzi za sweta nilinunua soko la Majengo: zambarau ya zabibu, manjano ya alizeti na nyekundu ya udongo wetu. Kulabu, ile sindano ya kufumia yenye ncha iliyopinda, ni ya milimita 5. Nilianza na mnyororo wa vitanzi 100, nikaunganisha cha mwisho na cha kwanza kuwa duara. Hapo tulia kabisa! Mnyororo ukijisokota kabla ya kuunganishwa, duara lote linapinda, na dawa yake ni kufumua tu. Mimi nilifumua mara mbili.

Kila rangi niliipa mizunguko miwili. Mstari unatoka safi ukiingiza rangi mpya kwenye mvuto wa mwisho, yaani pale kulabu inapovuta uzi kufunga tundu la mwisho la rangi iliyotangulia, si baada ya kulimaliza. Na usikate uzi kila mara, upandishe kwa ndani, utapunguza ncha za uzi za kuficha.

Kufuma nilifundishwa na mama mwenyewe, kwa vile vitambaa vyeupe vya makochi, uzi mwembamba unaoumiza macho. Huu uzi mnene wa sweta ni raha tupu mkononi.

Leo asubuhi ameivaa akiwasha jiko la mkaa. Akasema, "Mwanangu, mbona hukunifumia tangu Juni?" Nimeshaanza ya baba.