Nimepotea hatua 200 kutoka kwa mama

Naandika viatu vikiwa bado na matope. Nimekaa Salalah, Oman, miaka 11. Jumanne nikafika Shume, Jumatano jioni nikapotea nikitoka dukani, na duka lenyewe ni hatua 200 tu kutoka mlangoni kwa mama. Nyumbani wamecheka hadi wamechoka. Mimi bado sijacheka.

Mliokulia huku Lushoto juu mnajua: ukungu ukishatua, macho hayana kazi, unakwenda kwa masikio. Alama yangu ilikuwa ile mikaratusi ya kwenye kona. Njiani hakuna hata tone, lakini ukiingia chini yake kunanyesha: to, to, to, juu ya majani makavu. Ukisikia hivyo unakata kushoto, umefika. Sauti hiyo niliifuata nikiwa darasa la kwanza, nikaifuata usiku wa manane nikitoka ngomani. Haikunidanganya hata siku moja.

Juzi nikatembea nikiisubiri. Kimya. Nikasema labda bado, nikaongeza mwendo, mara niko katikati ya kabichi za watu. Mikaratusi imekatwa yote. Kwenye simu tuliongea ada, bati, dawa za mama. Habari za miti nani angenipa?

Na siri ya matone yale nimekuja kuijua Uarabuni! Salalah kuna ukungu wake, mwishoni mwa Juni hadi Septemba, wanauita kharif. Pepo za kusi zinapita juu ya maji baridi yanayopanda kutoka kilindini, zinapoa, mvuke unakuwa vitone, milima ya Dhofar inavikinga. Watu wanatoka Dubai na Riyadh kuja kulowa, tena kwa kulipa. Mimi ndiye niliyekuwa nawaendesha. Kule miti ndiyo inayouvuna: vitone vinagonga majani, vinaungana, vinadondoka. Mti unajinywesha maji ambayo mvua haikuleta.

Kwetu ni upepo wa Bahari ya Hindi unaokwea Usambara. Hewa ikipanda inatanuka, ikitanuka inapoa, ndiyo huo ukungu. Ule wa mabondeni alfajiri ni mwingine, ardhi imepoteza joto usiku kucha. Wote, pasipo jani la kuugonga, unapita zake.

Mnaorudi Desemba: kwenye kona za Soni msiwashe taa kali, mwanga utawarudia usoni. Nguo fueni chache, zangu siku ya tatu leo na zimeanza kunuka. Na kabla hamjatoka nje jioni, ulizeni nini kimekatwa.

Aliyenitoa kwenye kabichi ni mtoto wa kama miaka 9, kabeba dumu.

"Shikamoo babu. Umepotea?"

Babu! Nikaitikia marahaba, nikamuuliza yeye njia anaijuaje.

"Si redio ya kinyozi ile? Ikiwa mkono wa kulia, unanyoosha."

Mimi hata sikuwa nimeisikia. Nikamfuata kwa mlio wa dumu lake likigonga goti.