Mwanga na Sindano: Matibabu ya Baba Mdogo

Kwa miaka sita baba yangu mdogo, mkulima wa miwa karibu na Kibos, alipakwa dawa ya choa. Madoa yalianzia kiunoni na mapajani, mahali pasipofikiwa na jua, yakiwa meupe-meupe na yenye magamba membamba kama ganda la kitunguu, na kila zahanati aliyoingia ilimpa krimu nyingine. Kuna wakati alitajiwa ukoma, na huku kwetu magharibi, ambako wazee bado wanaikumbuka Alupe kule Busia kama mahali pa wenye ukoma, neno hilo huwahamisha majirani barazani. Hatimaye daktari wa ngozi alimkata kipande cha nyama kisichozidi punje ya hindi, na maabara ikatoa jibu: limfoma ya ngozi, yaani saratani ya seli za kinga, aina iitwayo maikosisi fungoidesi.

Jina hilo linapotosha. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1806, aliona uvimbe unaofanana na uyoga, lakini hakuna kuvu hapa. Ni seli T, askari wa kinga ya mwili, zilizogeuka kuwa saratani na kuweka kambi ndani ya ngozi. Katika ngozi nyeusi mara nyingi hujitokeza kama madoa yaliyopauka badala ya mekundu, na ndiyo maana hudhaniwa kuwa choa au mbalanga.

Baba mdogo alipoambiwa kwamba atatibiwa kwa mwanga, mama mdogo aliniuliza, "Mwanangu, kwani jua la Kisumu si mwanga?" Swali lake lilikuwa la haki, nami nilihitaji muda kulijibu. Jua huleta miale ya kila namna bila kipimo, ilhali taa za kliniki hutoa ukanda mwembamba uliochaguliwa, kwa mfano ule wenye urefu wa wimbi wa nanomita 311, na dozi yake huongezwa kidogo kidogo. Ukanda huo hauzami sana, kwa hiyo hufaa madoa membamba. Yale yaliyonenepa huhitaji miale ya UVA, aina ya miale ya urujuanimno inayopenya zaidi, pamoja na dawa ya psoraleni inayozifanya seli ziwe dhaifu mbele ya miale hiyo. Psoraleni hupatikana katika mmea wa bonde la Nile, na katika miaka ya 1940 daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliitumia kutibu mbalanga. Nilifurahi kujua kwamba dawa hii inatoka kando ya mto uleule unaoanza safari yake katika ziwa letu.

Hata hivyo mwanga huua pale unapofika tu. Seli za saratani zilizojificha ndani zaidi hubaki, tena hutoa kemikali zinazoituliza kinga ya mwili isizishambulie. Hapo ndipo sindano ya intaferoni inapoingia: ni nakala ya protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza, nayo huziamsha seli za ulinzi zilizolegea. Mwanga unapoziua seli mbovu, mabaki yake humezwa na seli zinazoionyesha kinga adui anavyofanana, na intaferoni huizidishia nguvu ya kumsaka.

Mwaka 1998 Rudolf Stadler na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 98. Miongoni mwa wale wa hatua ya kwanza na ya pili ya ugonjwa waliopata intaferoni pamoja na psoraleni na UVA, asilimia 70 walitakata kabisa, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata intaferoni pamoja na kidonge cha asitretini, dawa ya jamii ya vitamini A. Nimewasomea ndugu zangu tarakimu hizo zaidi ya mara moja, lakini sikuwaficha kwamba hakukuwa na kundi la mwanga peke yake, na kwamba kutakata si sawa na kupona, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurudi.

Matibabu yenyewe ni kazi. Baba mdogo humeza vidonge, husubiri kama saa mbili, kisha husimama ndani ya kibanda cha taa akiwa amefunikwa macho. Siku nzima inayofuata huvaa miwani myeusi, hata ndani ya matatu, na hukaa mbali na dirisha akiwa na mikono mirefu, kwa maana UVA hupita kwenye kioo. Usiku wa sindano homa humpanda, maungo humuuma, na asubuhi hazungumzi na mtu. Tuliambiwa tuuangalie moyo wake sawasawa na ngozi yake, kwa kuwa intaferoni inaweza kumletea mtu huzuni nzito, na mama mdogo hulilinda agizo hilo kuliko yote.

Madoa ya mapajani yamefifia, na la kiunoni limebaki na ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Jirani yake mmoja ana madoa yasiyosikia krimu tangu mwaka juzi. Juzi baba mdogo alimkalisha chini ya mwembe, akainua shati na kumwonyesha kovu la nyuzi mbili pale alipokatwa, akamwambia, "Ndugu yangu, waambie wakukate hapa kwanza, ndipo wakupe krimu nyingine."