Foronya ya Le Panier

Jumatatu moja ya Machi 2017 nilishuka treni stesheni ya Saint-Charles, Marseille. Jua linawaka, mbinguni hakuna hata kipande cha wingu. Nikavua koti, na hilo likawa kosa la kwanza. Kusini mwa Ufaransa, mbingu ikisafika namna ile, mara nyingi ni mistral imeifagia: upepo mkavu wa kaskazini magharibi unaoteremkia bonde la mto Rhône, ukibanwa na milima huku na huku, na unaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Jua unaliona, joto lake hulipati.

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa Kingazija, mzaliwa wa Unguja, anayekaa Le Panier, kilimani juu ya bandari ya kale. "Shika metro namba 2, mwanangu, ushuke Joliette. Vituo viwili tu." Ramani ikanidanganya. Niliona Vieux-Port, yaani hiyo bandari ya kale, iko chini ya kilima hicho hicho, nayo ni vituo viwili kwa namba 1, nikaona yote ni mamoja.

Ukitoka Vieux-Port unapita kwanza majengo mapana yaliyonyooka, ukajiuliza huo ukale uko wapi. Ulilipuliwa. Januari 1943 Wajerumani, wakisaidiwa na polisi wa Kifaransa, waliwahamisha kwa nguvu watu kama 20,000, na Februari wakaibomoa kwa baruti sehemu yote ya chini, nyumba zipatazo 1,500. Zilizopo sasa ni za baada ya vita. Mpaka wake unauona kwa macho: ukivuka Rue Caisserie, njia zinasinyaa ghafla na ngazi zinaanza.

Nami nikapanda ngazi hizo, Montée des Accoules, na sanduku la magurudumu. Vidaraja vyake ni vya mawe, vimelika katikati kwa nyayo za watu, havilingani kimo. Gurudumu linatua kwenye bonde la jiwe, linakwama, sanduku linapinduka. Nusu ya safari gurudumu moja likang'oka. Mwenye mzigo asipande hapo. Afuate Rue Caisserie kushoto mpaka Place de Lenche, uwanja uliokuwa soko la Wagiriki walioanzisha mji huu yapata mwaka 600 K.K., kisha apande Rue de l'Évêché taratibu. Au amsikilize mwenyeji wake.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, na uchochoro chini yake ni mwembamba kiasi kwamba jirani wa ng'ambo akikohoa unamwambia pole. Kwetu Mombasa, Mji wa Kale, njia nyembamba ni kwa ajili ya kivuli, na dirisha hufunguliwa upepo uingie. Le Panier kivuli wanakitaka vivyo hivyo, ila upepo wanaukimbia: vichochoro vinapinda ili uvunjike nguvu kwenye kona, na upande unaovumia, mbao za madirisha hufungwa na kutiwa komeo. Zikiachwa wazi hugonga ukuta usiku kucha mpaka bawaba zing'oke.

Sehemu iliyonishughulisha zaidi ilikuwa kamba ya nguo. Ilizunguka kwenye kapi mbili nje ya dirisha, unavuta ya chini, ya juu inasogea. Shati lilibanwa kwenye pindo, mbele na nyuma kwa pamoja, vibanio vinne. Foronya ibanwe upande ulioshonwa, mdomo uning'inie, ili upepo ukiingia upate pa kutokea. Ukiibana mdomoni na kuuacha wazi, inakuwa mfuko na vibanio vinaruka. Shuka hazianikwi kabisa siku ya mistral. Ni tanga, na pale hakuna baharia wa kulishusha. Faida ni kwamba nguo nyepesi hukauka kwa saa moja.

Sabuni yake ilikuwa mche mweupe uliogongwa muhuri wa 72%, kipimo cha mafuta. Maduka ya mtaani yamejaa vipande vya waridi na zambarau vinavyonukia mpaka barabarani. Hivyo ni zawadi za watalii. Sabuni ya Marseille ya asili haina rangi ya kutia wala manukato: mafuta ya mimea, kostiki soda, chumvi, maji. Ya kijani ni ya mafuta ya zeituni.

Jioni ile tulikwenda Vieille Charité, jengo la kale ambalo sasa ni makumbusho, tukakuta lango limefungwa, Jumatatu ndiyo siku yake ya kulala. Jirani yake MuCEM, makumbusho nyingine, hulala Jumanne, kwa hiyo usiziwekee zote siku moja bila kuangalia kalenda. Nilirudi peke yangu Jumanne asubuhi. Kwa nje ni ukuta mkavu, kwa ndani ni ghorofa tatu za matao ya mawe ya waridi yanayozunguka ua, katikati kanisa dogo lenye kuba la umbo la yai. Lilichorwa na Pierre Puget, mtoto wa mtaa huo huo, na ujenzi ulianza 1671. Uzuri wote umeelekezwa ndani kwa sababu palikuwa pa kuwafungia maskini na wazururaji. Kuingia uani ni bure.

Natoka, mistral bado inavuma, na foronya ya maua ikatua miguuni pangu. Juu dirishani bibi mmoja mwenye leso ananipungia mkono. Marseille imejaa Wangazija. Wengi wa mwanzo walikuja wakifanya kazi melini. Nikapanda ghorofa mbili, nikamkabidhi foronya yake kwa mikono miwili.

"Marahaba," akasema.

Nikaona aibu, nimeitikiwa shikamoo ambayo sikuitoa. Nikainama haraka, "Shikamoo, bibi." Akanitazama, akaitazama foronya, akarudia kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayesema na kiziwi: "Marahaba!"

Mwenyeji wangu alicheka mpaka akakalia kapu la nguo. "Kwa Kingazija hiyo ni ahsante, mwanangu. Na hiyo foronya, aliibana mdomoni?"