Hiti 262 za Ichiro Suzuki: hesabu ya hatua na sekunde

Mwaka 2004, akiwa na Seattle Mariners, timu ya besiboli ya Marekani, Ichiro Suzuki alipiga hiti 262, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji kituoni salama, na kuivunja rekodi ya George Sisler ya hiti 257 katika msimu mmoja, iliyodumu tangu 1920. Kati ya hizo, 225 zilimfikisha kituo cha kwanza tu, na homurani, mapigo ya kuzunguka vituo vyote, zilikuwa 8. Ndiyo maana wapo wanaozibeza: eti aliugusagusa mpira halafu akatimua mbio. Wanakosea. Kwa Ichiro, kupiga na kukimbia kulikuwa tendo moja, na tendo hilo ni gumu kuliigiza.

Kutoka kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji, hadi cha kwanza ni mita 27.4. Anayepiga kwa kushoto husimama upande ulio karibu zaidi na kituo hicho, hivyo ana nafuu ya hatua moja hivi. Ichiro hurusha kwa kulia lakini alipiga kwa kushoto, na gongo lilipougusa mpira, uzito wake ulikuwa umeshahamia mguu wa mbele, yaani wa kulia, huku ule wa kushoto ukianza kuvuka. Alifika chini ya sekunde 4. Ndani ya muda huohuo, mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu alipaswa kuufuata mpira, kuuokota, kuutoa kwenye glavu na kuurusha hadi kituo cha kwanza kabla yake. Mpira ukidunda mara moja zaidi, kachelewa. Akisogea mbele kuokoa muda, anapunguza eneo analoweza kulifikia kushoto na kulia, na mpira uleule unampita.

Wengi wanaomwiga huharibu hapa: wanaanza kukimbia kabla ya kupiga. Bega la mbele linafunguka, mikono inaufuata mwili, na ukija mpira wa polepole gongo limeshapita. Mtazame Ichiro kwa mwendo wa taratibu. Nyonga zinatangulia kuelekea kwa mrushaji, lakini mikono imebaki nyuma, karibu na bega la kushoto. Mwili umeondoka, gongo bado. Akidanganywa na kasi, anayo bado mikono ya kuusukuma mpira upande wa kushoto wa uwanja.

Mtindo huo aliuleta kutoka Japani. Pale kwenye timu ya Orix BlueWave aliinua mguu wa kulia, akaurudisha nyuma kama pendulamu, kisha akaukanyagisha mbele. Kocha Akira Ogi alimwacha apige hivyo, na mwaka 1994 akafikisha hiti 210 katika michezo 130, wa kwanza kuvuka 200 kwenye ligi ya huko. Akabeba taji la wastani wa kupiga, yaani sehemu ya zamu za kupiga inayozaa hiti, miaka saba mfululizo. Alipofika Marekani mwaka 2001 aliupunguza mzunguko wa mguu, na msimu huohuo akapata hiti 242 na wastani wa .350.

Upungufu wake wa kweli ni mwingine: hakusubiri. Mrushaji akikosa eneo halali la kupigia mara nne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure, na mwaka ule wa 2004 Ichiro alipewa hivyo mara 49 tu. Kwa hiyo wastani wa hiti uliposhuka, hakuwa na njia nyingine kubwa ya kufika kituoni. Ilionekana 2011: baada ya misimu kumi mfululizo ya hiti 200 au zaidi, alipata 184, kwa wastani wa .272.

Alistaafu Machi 2019 Tokyo akiwa na hiti 3,089 za Marekani, na 1,278 za Japani. Ile ya 3,000 aliipiga Denver, tarehe 7 Agosti 2016, akiwa na Miami Marlins. Mpira uligonga ukuta wa upande wa kulia, na yeye, akiwa na miaka 42, hakusimama mpaka kituo cha tatu.