Nilivojifunza kudaka besiboli ya kizamani bila glavu, Denver

Mi mtu wa Mombasa, mchezo wa kupiga mpira na rungu nilioujua ni raundasi tu ya primari, sasa nkaja huku Denver, Marekani, jamaa wa kazini akanambia njoo Jumamosi tucheze besiboli ya kizamani. Ya kizamani kweli, manake wanafuata sheria za 1864: hakuna glavu, na anayerusha anarusha mkono ukitokea chini.

Mji wenyewe ulianza 1858, watu wamekuja kutafuta dhahabu, na 1862 tayari washaunda klabu, reli haijafika bado (ilifika 1870), mizigo yote inakuja na mikokoteni ya ng'ombe. Nilicheka, yaani mtu hata nyumba hajamaliza anaunda klabu ya mpira? Halafu nkakumbuka sisi tulivokuwa tukifunga mifuko ya nailoni na kamba tupate mpira kabla hata ya kula, nkanyamaza.

Siku ya kwanza nilijitia ujuaji. Mpira ukaja juu, nkanyoosha mikono kama kipa, ukanigonga ncha ya kidole cha pete, kikavimba kama muhogo, wiki nzima naandika na mkono mmoja. Mama kwenye simu, "Mwanangu, si ucheze kandanda kama wenzio?"

Kilichoniokoa ni sheria moja ya wakati huo, kwamba mpira ukidunda mara moja tu chini kisha ukaudaka, aliyepiga ashatoka. Mwanzo niliona ni ya waoga, kumbe ina kazi yake, lazima uusome mdundo, manake kwenye nyasi ndefu mpira unakufa papo hapo na kwenye udongo mkavu unachepuka vibaya. Basi nkawa narudi nyuma hatua mbili tatu, nausubiri, naupokea vidole vikiangalia chini kama nimetupiwa yai, mikono inarudi nao mpaka tumboni. Na huku tuko juu, mita 1,600 na kitu, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko unavodhania, na pumzi za mtu wa pwani si mnazijua, kwa hiyo kusimama nyuma kulinifaa pande zote mbili. Jioni nilikuwa napiga mpira wa tenisi kwenye ukuta wa gereji mpaka jirani akachoka.

Mechi ya Agosti nilidaka mipira miwili, yote ya mdundo. Kidole hakijanyooka mpaka leo, pete ya ndoa nimeihamishia kwenye cheni.